Somo la biolojia: Goti la mbwa mdogo

Tumekwisha kusoma mifupa ya mguu. Leo tutazame goti la mbwa wadogo, kama vile Chihuahua na Yorkshire.

1. Ugonjwa. Mbele ya goti kuna mfupa mdogo unaoteleza ndani ya mfereji wa mfupa wa paja. Kama mfereji haukuchimbika sana, mfupa ule unatoka pembeni, mara nyingi upande wa ndani. Mbwa anainua mguu, anarukaruka hatua mbili tatu, kisha anatembea tena sawa hana neno. Kuna daraja 4: katika ya 1, mfupa ukisukumwa unatoka, ukiachwa unarudi wenyewe; katika ya 4 unakaa inje siku zote.

2. Kupasua. Munganga wa nyama analalisha mbwa kwa dawa, anachimba mfereji uende chini zaidi. Mara nyingi anakata tena kipande cha mfupa wa muundi fasi kano inaposhika, anakisogeza na kukifunga kwa vyuma vyembamba.

3. Kupona. Hapa kazi ni ya mwenye mbwa. Mbwa ataanza kukanyaga chini mbele mfupa haujashikana. Mfupa unaomba majuma 6 mpaka 8. Asikimbie, asiruke juu ya kiti; atembezwe na kamba, dakika chache kwanza. Bila hivyo vyuma vinaweza kupinda, apasuliwe mara ya pili. Tena asinenepe.

Tukumbuke: maumivu kwisha si kupona.

Ulizo: Juu ya nini mbwa anayetembea vizuri katika juma la 3 angali anafungwa kamba?