Chunjua za Mbwa na Matunzo Yake

Hapa kwetu Adumi mbwa ni mlinzi wa mbuzi na mwenzi wa mwindaji. Akiota chunjua midomoni, wenyewe huingiwa na wasiwasi, na mara wembe hutafutwa. Wako pia wanaoshauri apakwe maji ya betri. Likizo iko karibu, nami napenda kuwaeleza wenzangu kwa nini mambo hayo hayafai.

Chunjua huletwa na virusi. Mwaka 1898, huko London, McFadyean na Hobday walionyesha kwamba huambukizwa kutoka mbwa mmoja hata mwingine. Huwashika zaidi mbwa wasiotimiza miaka 2. Hupita kwa kugusana na kwa kula chombo kimoja, nazo huonekana baada ya mwezi 1 au 2. Watu hawaambukizwi.

Tiba ya kwanza ni subira. Nyingi hunyauka zenyewe katika miezi 1 hadi 5, mwili ukishajifunza kupigana na virusi. Mpe mbwa chakula laini, chombo chake peke yake, na umtenge na wenziwe mpaka apone. Usikate, maana damu hutoka na kidonda huoza. Usimpake maji ya betri wala dawa ya chunjua za watu, maana mbwa hulamba, akaungua ulimi na koo.

Lakini si kila uvimbe ni chunjua. Ulio kwenye kope, pengine ni kupe aliyeshiba damu. Wenye tundu katikati, huenda ni funza wa nzi. Uvimbe unaokua upesi au kutoka damu, hasa kwa mbwa mzee au sehemu za siri, autazame daktari wa wanyama. Akiona haja ya kukata, atamtia mbwa dawa ya usingizi kwanza.

Neno kubwa ni hili: kabla ya kumpanua mbwa kinywa, tazama mwenendo wake. Akitokwa na mate mengi, akishindwa kumeza, au akibadilika tabia, usimguse. Huenda ni kichaa cha mbwa, nacho hakina tiba dalili zikishatokea. Aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachanjwe.

Basi, tukifika nyumbani, tuwapeleke mbwa wetu wakachanjwe, na wembe tuuache mahali pake.