Betri ya Saa Uliyojiundia

Saa ninayoivaa nimeiunda mwenyewe: chipu ya ATmega328P, kristali ya hezi 32,768 na tarakimu nyekundu za LED. Vipuri huletwa na matatu za Mwingi. Hapa kwetu Nuu wengi huniuliza kuhusu programu yake, ilhali kinachoweza kukuunguza ni betri.

Piga hesabu kabla ya kulehemu. Betri bapa ya CR2032 ina volti 3 na takribani miliampea-saa 220. Tarakimu zikiwaka mfululizo na kula miliampea 20, kwenye karatasi ni saa 11. Kwa kweli hazifiki, kwani betri hiyo haikuundwa kutoa umeme mwingi. Yangu huwaka sekunde chache nikibonyeza kitufe, kisha chipu inalala na kula mikroampea chache tu. Kwa kitu cha kuvaliwa, sioni njia bora kuliko hii. Usijaribu kuichaji CR2032, inaweza kupasuka. Na kifuniko kifunge kwa skrubu: mtoto akimeza betri, inaweza kumchoma umio ndani ya saa 2 tu. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Ukitaka ya kuchaji, nunua betri ndogo ya lithiamu yenye saketi ya kinga. Bodi nyingi za kuchaji za TP4056 huja zimepangwa kuchaji kwa ampea 1, mzigo mkubwa mno kwa betri ya miliampea-saa 150. Toa rezista ya kiloomu 1.2, weka ya kiloomu 10, mkondo utashuka hadi miliampea 130 hivi. Chipu ya TP4056 haivumilii zaidi ya volti 8, kwa hiyo usiiunganishe na sola ya volti 12. Tumia chaja ya simu, na uivue saa kwanza.

Betri kuukuu za simu siziweki mkononi. Mwaka 2007 Nokia ilijitolea kubadilisha betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita, kwa kuwa zingeweza kupata joto kali zikichajiwa. Na hizo zilikuwa halisi, sembuse feki!

Mgongo wa saa ukiwa wa chuma, tandika tepu ya umeme chini ya saketi isipige shoti. Usiianike saa juani. Betri ikivimba hata kidogo, usiitoboe wala usiitupe motoni. Iweke nje, mbali na chochote kinachoshika moto, ununue nyingine.