Kivimbe chini ya sikio
Swali: Baba ana miaka 60, amevuta sigara tangu ujanani. Ana kivimbe laini chini ya sikio, hakimuumi. Ni saratani?

Jibu: Huenda siyo. Kwa mvutaji wa umri huo, daktari hufikiria pia uvimbe wa Warthin, unaoota kwenye tezi ya mate iliyo karibu na sikio, pengine pande zote mbili.

Kupapasa hakutoshi. Hupigwa ultrasaundi, kisha sindano nyembamba huvuta majimaji, mara nyingi ya kahawia kama oili chafu, yapimwe kwa hadubini.

Ukithibitishwa, wengi hufuatiliwa tu. Ukisumbua hukatwa kwa uangalifu mkubwa, maana neva inayoendesha uso hupita ndani ya tezi hiyo. Ikijeruhiwa, mdomo hupinda na jicho halifumbi. Kikikua haraka, kikiuma au uso ukilegea, awahi hospitali.