Neno Kaya: Nyumba ya Jamii katika Historia ya Wadigo wa Matuga

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili anapokutana na neno kaya hukumbuka sensa. Katika takwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kwa Mdigo wa Waa au Tiwi, hata hivyo, kwenda kaya ni kwenda nyumbani. Mgeni naye, akitajiwa neno hilo, huona msitu tu. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba maana hizi zinatokana na asasi moja, na kwamba kuisahau asasi hiyo kuna gharama.

Kaya kama makazi

Masimulizi ya Wamijikenda yanaeleza kwamba wazee wao walihama kutoka Shungwaya, kaskazini mwa pwani, wakikimbia maadui. Masimulizi ya Wadigo yanazitaja Kwale na Kinondo kuwa kaya kuu za mwanzo. Kaya ilikuwa kijiji kilichojengwa katikati ya msitu mnene na kufikiwa kwa njia nyembamba zenye malango. Ndani yake kila ukoo ulikuwa na sehemu yake. Katikati palikuwa na moro, mahali pa baraza la wazee, na fingo, kago lililozikwa ardhini kuwalinda wenyeji. Hapo ndipo wazee walipoamua kesi, walipoomba mvua na walipopatanisha familia. Kwa hiyo kaya haikuwa mkusanyiko wa vibanda tu, bali nyumba moja kubwa iliyozihudumia nyumba nyingi.

Usalama ulipoongezeka, watu walitoka wakaenda kulima na kufanya biashara. Kufikia miaka ya 1940 kaya nyingi zilikuwa zimehamwa. Aidha, Wadigo wengi walikuwa wamesilimu, na msikiti ukachukua sehemu ya kazi za baraza. Hata hivyo, wazee waliendelea kwenda msituni kufanya matambiko, na kukata miti kukabaki mwiko. Makazi yakatoweka, jina likabaki kwa msitu.

Jina kuchafuka

Mwezi Agosti 1997, vijana waliokula viapo na kujificha katika msitu wa Kaya Bombo, Matuga, walishambulia kituo cha polisi cha Likoni. Machafuko yaliyofuata yaliua watu na kuwafukuza maelfu makwao, wengi wao wakiwa wenye asili ya bara. Tangu hapo, magazeti na mazungumzo ya watu yamekuwa yakiyaita matukio hayo "Kaya Bombo". Jina la nyumba ya upatanisho likawa jina la umwagaji damu. Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kusita: neno linaweza kunyang'anywa wenyewe bila hata herufi moja kubadilika.

Kurejesha maana

Juhudi za kuzihifadhi kaya hazikuanza baada ya msiba huo. Makavazi ya Taifa ya Kenya yalikuwa na kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani tangu 1992. Kule Kinondo, kusini mwa Diani, tangu 2001 wenyeji wamekuwa wakiwaongoza wageni msituni kwa masharti ya wazee, na mapato hurudi kwa jamii. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu ya kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata mila za kaya ziliorodheshwa kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Tofauti ya orodha hizo mbili inafunza: miti inaweza kuzungushiwa ua, lakini maarifa ya moro huishi katika vinywa vya wazee.

Hitimisho

Imebainika kuwa kaya ya sensa, kaya ya msitu na kaya ya nyumbani ni matawi ya shina moja. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili wakusanye istilahi za kaya kwa Chidigo, pamoja na maelezo ya wazee wenyewe, kabla kamusi hazijabaki na tawi moja tu. Mwacha asili ni mtumwa. Na asili ya neno ni watu waliolitumia.