Silaha Ipi Yaifaa Nyumba? Somo kwa Wakaazi wa Mipakani



Katika mazungumzo ya usalama, iwe Gatumba karibu na mpaka wa Kongo au Nyanza-Lac upande wa kusini, liko swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: ikiwa mtu angekuwa na silaha moja tu, ya kumlindia mifugo, kufukuza wanyama waharibifu na kuzuia wezi wa usiku, achague ipi? Tumeona vema kulifanya swali hili kuwa somo letu, kwa kuwa anayeliuliza aghalabu ni mzazi mwenye hofu ya kweli, naye anastahili kujibiwa kwa hoja.

Tutaanza na sheria, kisha tutazipima silaha moja baada ya nyingine kwa mizani ya mwenye nyumba, na mwisho tutasema la kufanya kwa yule ambaye tayari ana silaha ndani.

1. Sheria yasemaje

Nchini Burundi, silaha nyepesi husimamiwa na Sheria namba 1/14 ya tarehe 28 Agosti 2009. Kiini chake ni hiki: silaha za kivita si mali ya raia, na silaha nyingine yoyote haimilikiwi ila kwa idhini ya maandishi ya mamlaka husika. Kurithi silaha kwa baba, kuiokota shambani, au kuinunua kwa rafiki hakumpi mtu haki ya kuwa nayo.

Majirani zetu nao wamefungwa na ahadi ya namna hiyo. Tarehe 21 Aprili 2004, mjini Nairobi, Burundi, Rwanda, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Itifaki hiyo yazitaka nchi kuwakataza raia bunduki zinazofyatua mfululizo na zile zinazojipakia zenyewe, kuziandikisha silaha zote zilizo mikononi mwa raia, kuweka mpaka wa idadi ambayo mtu mmoja aweza kuwa nayo, na kumpima mwombaji uwezo wake kabla ya kumpa kibali.

2. Tuzipime moja moja

*Bunduki ya kivita aina ya Kalashnikov.* Wengi huitaja hii kwanza, kwa kuwa ilienea sana wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1993. Iliundwa kwa ajili ya askari. Risasi yake ni ya milimita 7.62, magazini yake ya kawaida hubeba risasi 30, na kasi yake ikifyatuliwa mfululizo ni takriban risasi 600 kwa dakika. Ukuta wa matofali ya udongo hauizuii risasi hiyo. Katika mtaa wa nyumba zilizobanana kama Buyenzi, anayemfyatulia mwizi uani amefyatulia pia chumba anamolala jirani. Hata tukiiweka sheria kando, silaha hii haina kazi ya halali nyumbani.

*Bastola.* Hufichika kwa urahisi, na humo ndimo ilimo hatari yake. Yafaa kwa hatua chache tu. Gizani, mkono ukitetemeka, hata aliyefunzwa hukosa shabaha. Nayo iliyofichwa chini ya mto hufikiwa na mtoto, huchukuliwa na mgeni mwenye tamaa, na hushikwa upesi katika ugomvi wa mume na mke.

*Bunduki ya kuwindia, itoayo marisau.* Hii ndiyo ambayo katika nchi nyingi husifiwa kuwa ya kazi nyingi, na kusema kweli ndiyo iliyo karibu zaidi na mahitaji ya mkulima. Hata hivyo, marisau hutawanyika, na katika giza hayamchagui mwizi na kumwacha kijana wako aliyetoka kutazama ng'ombe. Kwa wakaazi wa kando ya Ruzizi na ufuoni mwa Tanganyika tunaongeza neno: marisau hayamwui kiboko, humjeruhi tu, na kiboko aliyejeruhiwa ni hatari kuliko aliyekuja kula majani. Kazi hiyo waachiwe walinzi wa hifadhi.

*Mugobore,* yaani bunduki ya kutengenezwa kienyeji. Mtutu wake aghalabu ni bomba la chuma ambalo halikukusudiwa kustahimili mlipuko. Laweza kupasuka usoni mwa mwenyewe kabla ya kumfikia adui.

*Guruneti.* Hii si bunduki, lakini tunaitaja kwa sababu vita viliziacha nyingi majumbani. Haiwezi kumwonya mtu, wala haiwezi kumlenga mmoja. Pini ikishatoka na kishikio kikaachiwa, hubaki sekunde chache tu. Iliyokaa miaka mingi ardhini au darini haitabiriki hata kidogo.

3. "Polisi wako mbali, na mwizi yuko mlangoni"

Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Kwa mtu akaaye kilimani, mbali na barabara, dakika za kusubiri msaada ni ndefu. Basi na tuipime bunduki kwa saa hiyo hiyo.

Mwizi ndiye achaguaye wakati, na mwenye nyumba huamshwa usingizini. Bunduki iliyohifadhiwa ipasavyo, imefungiwa na risasi zimewekwa kando, haitafikiwa kwa haraka hiyo. Iliyo tayari kando ya kitanda iko tayari kwa mtoto pia, na kwa mwizi aingiaye mchana mkiwa shambani. Tena siri ya bunduki haidumu mtaani. Ikijulikana kwamba nyumba fulani ina silaha, silaha yenyewe huwa ndiyo mali ya kuibwa, na waijiao huja wengi, wakiwa wamejiandaa kwa mapigano. Ndiyo kusema kwamba silaha iliyonunuliwa kumfukuza mwizi mmoja huweza kuita kundi.

Ushahidi wa mbali nao waafikiana na haya. Mwaka 1993, daktari Arthur Kellermann na wenzake walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine uchunguzi wa mauaji yaliyotokea majumbani katika wilaya tatu za Marekani. Baada ya kuzingatia sababu nyingine, waliona kwamba kuwa na bunduki nyumbani kuliambatana na uwezekano wa mauaji ulio mkubwa zaidi, takriban mara 2.7, na kwamba walio wengi waliuawa na jamaa au na mtu waliyemjua. Marekani si Burundi, lakini wahenga wetu walikwisha kusema: kikulacho ki nguoni mwako.

4. Silaha na mpaka

Wakaazi wa mipakani wana hatari moja zaidi. Kibali hutolewa na nchi moja, nacho hukoma mpakani. Aliyeruhusiwa Tanzania kisha akavuka Kobero au Mugina na bunduki yake bila idhini ya huku, amekuwa mwenye silaha haramu tangu hatua ya kwanza.

Vilevile, silaha inayouzwa usiku ziwani au kwenye vivuko vya Ruzizi haiji na historia yake. Mnunuzi hajui ilimwua nani jana. Akikutwa nayo, atatakiwa kueleza matendo ambayo hakuyatenda, na aliyemwuzia hataonekana tena. Bei ndogo ya silaha ya namna hiyo mara nyingi ni ishara kwamba mwenyewe ana haraka ya kuitupa.

5. Nyumba hulindwaje

Yale yanayomzuia mwizi ni mambo matatu: kucheleweshwa, kuonekana na kusikika. Kwa hiyo:

- Mlango imara wenye komeo la ndani, na zizi lililo karibu na nyumba kiasi cha kusikia mifugo.
- Mbwa, na taa ndogo ya umeme wa jua uani.
- Filimbi, ngoma au debe, pamoja na mapatano ya majirani kwamba sauti hiyo ikisikika kila nyumba itawasha taa na kupiga kelele. Mwizi aweza kukabiliana na nyumba moja, lakini kilima kizima kilichoamka humshinda.
- Namba ya simu ya posti ya polisi iliyo karibu na ya mkuu wa kilima, zikiwa zimeandikwa ukutani na kujulikana hata na watoto.
- Wavuvi watoke kwa makundi, na waache nchi kavu jina la kila aliyemo mtumbwini.

Mambo haya hugharimu kidogo kuliko bunduki, wala hakuna hata moja liwezalo kumwua mtoto wako.

6. Ikiwa silaha imo ndani tayari

Mwaka 2007, utafiti wa Small Arms Survey ulikadiria kwamba kaya zipatazo 100,000 nchini Burundi zilikuwa na silaha. Mwezi Oktoba 2009 iliendeshwa kampeni ya kuzisalimisha kwa hiari, na waliozitoa waliahidiwa bidhaa kama vile saruji, mabati na baiskeli. Nyingi zilitoka, lakini si zote. Huenda wewe usomaye unaijua moja, chini ya sakafu ya marehemu mjomba au shimoni nyuma ya migomba. Fuata utaratibu huu:

1. Usiifyatue kuijaribu, usiisafishe, usiifungue. Ikiwa ni guruneti au bomu, usiiguse kabisa. Weka alama kwa mbali na uwazuie watoto.
2. Usiibebe barabarani. Anayekutwa na silaha njiani hawezi kuthibitisha kwa urahisi kwamba alikuwa akienda kuitoa.
3. Toa taarifa kwanza, na usiende peke yako. Mwendee mkuu wa kilima, mzee wa Bashingantahe, imamu au padri unayemwamini, mfikishe habari polisi pamoja, ili silaha ifuatwe mahali ilipo.
4. Omba maandishi yanayoonyesha tarehe, aina ya silaha na aliyeipokea, uyatunze.

Hatutamdanganya mtu. Msamaha wa jumla hutolewa na sheria kwa muda maalumu, na makala haya hayawezi kuutoa. Kwa hiyo uliza mapema, kupitia yule unayemwamini, ni masharti gani yanayotumika wakati huo. Lakini tofauti kati ya aliyekuja mwenyewe mbele ya mashahidi na aliyefumaniwa na silaha darini kila mtu aiona, hakimu akiwamo.

Jibu la swali letu

Tuliulizwa silaha ipi yaifaa nyumba. Baada ya kuzipima zote, hatukupata hata moja ambayo faida yake kwa familia yazidi hatari yake. Mwenye haja maalumu, aombe kibali kwa maandishi na aisubiri idhini. Wengine wote, na tuanze na komeo, filimbi na jirani.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kilima au mtaa wenu, ikisikika filimbi saa nane za usiku, nani atatoka kwanza? Je, yeye mwenyewe anajua hivyo?
2. Ni nani kati yenu anayeaminiwa kiasi cha kuambiwa habari ya silaha iliyofichwa, bila siri hiyo kuenea?
3. Taja hatari moja ya usiku mnayoiogopa zaidi, kisha mseme ni kipi kati ya vitu vya sehemu ya tano kingeipunguza kuanzia juma hili.