Kuitunza Bustani ya Uani Wakati wa Kipupwe



Katika darasa hili twataka kueleza jambo ambalo wengi wetu hulidharau, nalo ni kuitunza bustani ndogo ya uani katika miezi ya baridi, yaani Juni, Julai na Agosti, ambayo sisi watu wa pwani twaiita kipupwe. Tumeona ya kuwa watu wa miji yetu huishughulikia bustani mwanzo wa masika, mvua inapowatia hamu. Upepo wa kusi ukishika nguvu na mbingu ikaingia mawingu, huiacha. Husema: "Mvua kubwa imekwisha, na jua halipo, hapana la kufanya mpaka vuli." Ifikapo Januari mimea imekauka, nao husema ua wao haufai kitu, wakamwita fundi akauziba kwa saruji. Hivyo ndivyo nyua nyingi zilivyopotea, na pamoja nazo zikapotea mboga, mirihani na miasumini iliyokuwa ikiwatosha watu wa nyumba bila ya kwenda sokoni.

Kauli yetu ni hii: mmea unaokufa katika joto la kaskazi, aghlabu sababu ya kufa kwake ni kuachwa katika kipupwe. Na hoja zake ni hizi zifuatazo.

Baridi yetu si baridi ya wengine

Vitabu vya bustani vinavyouzwa madukani, na maneno yaliyopigwa chapa juu ya pakiti za mbegu, mara nyingi huandikwa kwa ajili ya nchi za mbali. Huko Uingereza katikati ya baridi ni Desemba na Januari. Mchana hufupika, hata mjini London hubaki kama saa 8 tu, ardhi huweza kuganda, na mwenye bustani hana kazi kubwa ila kunoa vyombo vyake na kungoja. Maskati, ambako wengi katika sisi wana jamaa zao, mambo ni kinyume: baridi ya Desemba na Januari ndiyo neema yao, kwani mboga nyingi zisizoweza kulistahimili joto lao la kiangazi hustawi wakati huo.

Ama sisi tuko kusini mwa Ikweta, na Mombasa iko kama digrii 4 kutoka mstari huo. Baridi yetu ni ya Julai. Mchana joto hufika kama digrii 28, na usiku hushuka karibu na 20. Mchana ulio mfupi kuliko yote, karibu na tarehe 21 Juni, huzidiwa na ulio mrefu kuliko yote kwa muda wa kama nusu saa tu. Basi hapa hapana baridi ya kuusimamisha mmea. Mmea waendelea kukua, ila kwa taratibu, na mwenye kuuacha wakati huu ni kama mlezi aliyemwacha mtoto katikati ya malezi.

Na kwa kuwa misimu hulifuata jua, haifai kuifunga kazi ya bustani na miezi ya mwandamo. Mwaka wa mwandamo hupungua ule wa jua kwa siku kama 11, hata kila mwezi wake huizunguka misimu yote kwa muda wa miaka kama 33. Miezi hiyo tuna kazi nayo kubwa katika ibada zetu. Lakini katika kupanda na kusafiri baharini, wazee wetu wa pwani walikuwa na hesabu yao ya jua, wakiugawanya mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi. Hawakuchanganya hesabu hizi mbili, nasi tusizichanganye.

Kivuli cha ukuta

Waliosoma nyakati za sala wajua namna ya kukipima kivuli cha kijiti kilichosimamishwa juani. Maarifa hayo hayo yafaa bustanini. Katika Juni jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini, na kivuli huanguka kusini. Ukuta wenye urefu wa futi 10 hutia kivuli cha kama futi 5 kusini mwake. Katika Desemba jua huwa limehamia kusini, na ukuta ule ule hutia kivuli cha kama futi 3 na nusu kaskazini mwake. Siku ambazo jua hutupita utosini ni karibu na tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba.

Katika nyua zetu nyembamba zilizozungukwa na nyumba ndefu, jambo hili si dogo. Kitalu kilicho kusini ya ukuta hukosa jua la adhuhuri katika kipupwe chote, kisha likakipiga katika kaskazi. Kilicho kaskazini ya ukuta ni kinyume chake. Kwa hiyo mwenye vyungu na avihamishe. Sasa pilipili, nyanya na mabiringani yawekwe kaskazini ya ukuta yapate jua. Nanaa, ambayo hustahimili kivuli, yaweza kubaki kusini. Ikifika Oktoba avigeuze tena. Ama asiye na vyungu na ayapunguze matawi yanayoziba mwanga, kwani kivuli kikikutana na unyevu huzaa ukungu.

Upepo wa kusi

Upepo huu hutoka baharini nao huchukua chumvi. Nyumba zilizo karibu na pwani huona ncha za majani zikigeuka rangi ya udongo kana kwamba zimeunguzwa kwa moto. Wengi hudhani ni maradhi, wakamwaga dawa bure. Dawa yake ni kuyaosha majani kwa maji matamu asubuhi, baada ya usiku wa upepo mkali, na kuweka kinga.

Tena kinga isiwe bati. Upepo ukikutana na kitu kilichozibwa kabisa hukiruka, ukaanguka nyuma yake kwa nguvu. Ua wa makuti wenye nafasi nafasi ni bora zaidi, kwani huupunguza upepo bila ya kuupindua. Mimea mirefu ifungwe kwenye vijiti kwa kamba ya kumbi, wala isikazwe, ili shina lipate nafasi ya kunenepa.

Maji

Hapa watu wamegawanyika mafungu mawili, na mafungu yote mawili yamekosea. Wako wanaomwagia kila jioni kwa mazoea ya kiangazi, hata mizizi ikaoza. Na wako wanaoacha kabisa kwa kuyaona manyunyu ya asubuhi, na hali manyunyu huulowesha uso wa udongo tu, yasifike kwenye mzizi. Njia ya yakini ni kukitia kidole udongoni mpaka pingili ya pili. Kidole kikiona unyevu, acha. Kikiona ukavu, mwagia maji mengi kwa mara moja, kisha ungoje siku kadhaa. Maji machache ya kila siku huufundisha mzizi kukaa juu juu, na maji mengi ya baada ya siku huufundisha kuteremka. Mzizi ulioteremka katika kipupwe ndio utakaokuta unyevu katika Februari. Hii ndiyo siri kubwa ya darasa hili.

Katika kipupwe mwagia asubuhi, ili majani yakauke kabla ya usiku. Na kwa kuwa mji wa Mombasa huletewa maji kwa mabomba kutoka mbali, mojawapo likiwa bomba la chemchemi za Mzima lililojengwa katika miaka ya 1950, na uhaba wa maji si jambo geni kwetu, haifai kuyamwaga yale yaliyokwisha kutumika na bado ni safi. Maji ya kuoshea mchele na mboga, na maji ya udhu yaliyokingwa chomboni bila ya sabuni, yote yafaa. Ama maji ya chumvi yaliyochemshiwa chakula hayafai. Na maji ya visima vya karibu na bahari yaonjwe kwanza: yakiwa na ladha ya chumvi, yasitumiwe kwa mimea michanga.

Udongo

Ardhi ya miji yetu aghlabu ni mchanga na matumbawe, na nyuani imechanganyika na chokaa ya kuta za kale. Udongo wa namna hii huyashika madini ya chuma, mmea usiyapate. Dalili yake ni majani machanga kugeuka manjano na mishipa yake ikabaki kijani. Hapa twatoa tahadhari: msitie majivu ya jikoni katika udongo huo. Majivu huufaa udongo mchachu. Huu wetu una ukali wa chokaa tayari, na majivu huuzidishia.

Kiufaacho ni majani yaliyooza na samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka haina tena harufu. Na huu ndio wakati wake, kwa sababu majani hayaozi bila ya unyevu. Takataka za mboga zikifukiwa Julai, ikifika vuli zimekuwa udongo. Zikifukiwa katika ukavu wa Januari, hukaa kama zilivyo. Makumbi ya nazi nayo hushika maji vizuri, ila yaliyofukiwa pwani yaoshwe kwanza mpaka chumvi itoke.

Kuyatandaza majani makavu juu ya kitalu ni jambo jema, lakini kwa kiasi cha msimu. Sasa yawe mepesi na yawe mbali na shina, kwani yakiwa mazito huwa maskani ya konokono. Yaongezwe mwisho wa vuli, kabla ya jua kali.

Ya kupanda, na maadui wake

Mchicha upandwe sasa, na baada ya wiki 4 hivi waweza kuanza kuchumwa. Kunde zipandwe kwa ajili ya majani yake, nazo pia huurutubisha udongo. Dania huu ndio msimu wake, kwa kuwa katika joto hukimbilia kutoa maua kabla ya kutoa majani. Vikonyo vya nanaa, mirihani na asumini hushika upesi katika unyevu huu. Na katika Agosti mbegu za pilipili na mabiringani zitiwe katika kitalu cha miche, ili vuli ikiingia Oktoba miche iwe tayari kuhamishwa. Mwenye kungoja vuli ndipo atafute mbegu, mvua itakwisha miche yake ikingali midogo.

Konokono waokotwe kwa mkono usiku kwa taa, au alfajiri. Vidukari vinavyokusanyika chini ya majani ya kunde vioshwe kwa maji. Visipoondoka, twanga majani ya mwarubaini, ambao wengine wauita mkilifi, uyaroweke usiku kucha, uyachuje, kisha unyunyize.

Haki ya jirani

Maji ya bustani yasielekezwe kwenye ukuta wa jirani, wala mti wenye mizizi mikubwa usipandwe karibu na msingi wake. Bustani yenye kumdhuru jirani haina faida, na ile ambayo fungu la mchicha wake humfikia jirani huwa na walinzi wawili.

Ndugu zetu, haya yote hayahitaji zaidi ya robo saa kwa siku. Kidole udongoni, majani ya kufukiwa, vyungu vya kugeuzwa, konokono wa kuokotwa, na mbegu za Agosti: ni kazi ambazo mzee aweza kuzifanya na mtoto aweza kufundishwa. Basi kabla ya mtu kumwita fundi wa saruji, na auhudumie ua wake kipupwe kimoja kwa namna tulivyoeleza, kisha autazame tena mwezi wa Februari. Saruji haitakimbia, lakini ardhi ikishafunikwa, ni wachache mno waliopata kuifunua.