Somo la Wiki: Krimu ya Mikono, Ipi Bora Kuliko Ipi?

Baridi imeshaingia katika mitaa yetu ya vyuo vikuu huko Louisville, Columbus na Buffalo, na darasani tunaona mikono iliyopauka. Basi wiki hii tujifunze kulinganisha vitu kwa Kiswahili, na vitu vyenyewe viwe krimu zilizo bafuni kwenu.

Mwisho wa somo, mtoto aweze:
1. Kulinganisha vitu viwili kwa kutumia kuliko, kuzidi, kushinda na sawa na.
2. Kupatanisha vivumishi -kavu, -zito na -epesi na majina yake.
3. Kusoma lebo ya krimu na kumweleza mzazi kwa Kiswahili kilichomo.

MSAMIATI

kupauka: ngozi kuwa na weupe kama wa vumbi kwa sababu ya ukavu
kuchanika: ngozi kufanya nyufa, wakati mwingine hadi kutoa damu
kiambato (wingi: viambato): kila kitu kilichotiwa ndani ya krimu
mafuta ya mgando: mafuta mazito ya kopo kama Vaseline
marhamu: dawa au mafuta mazito ya kupaka, yenye maji kidogo sana au yasiyo na maji kabisa
ukurutu: ugonjwa wa ngozi kuwasha na kukauka; wengine husema pumu ya ngozi
mkorogo: mchanganyiko wa kuchubua ngozi ili iwe nyeupe

TUSOME PAMOJA

Kwa nini mikono hupauka hapa?

Hewa ya baridi haibebi mvuke mwingi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 0 za Selsiasi hubeba gramu 5 hivi tu za mvuke. Hewa ya nyuzi 30, kama ya mchana wa joto Mombasa, inaweza kubeba gramu 30. Hita inapoipasha moto hewa iliyotoka nje, haiiongezei maji. Inaiongezea kiu tu. Hewa hiyo yenye kiu hunyonya maji popote inapoyapata: kwenye nguo mbichi, kwenye mimea ya dirishani na kwenye ngozi yako.

Mikono huumia kuliko sehemu nyingine nyingi za mwili. Viganja havina tezi za mafuta kabisa, na tunaiosha mikono mara nyingi kwa sabuni na maji ya moto, ambayo huondoa hata mafuta kidogo yaliyopo. Kwenye ngozi nyeusi ukavu huo huonekana haraka kwa sababu ya ule weupe wake. Mwenzako akikucheka, mjibu bila haya: huu si uchafu, ni ukavu.

Krimu hufanya kazi tatu

Kazi ya kwanza ni kuvuta maji na kuyashika ndani ya ngozi. Hii ni kazi ya glisirini na urea. Kazi ya pili ni kulainisha, yaani kujaza mianya midogo ya ngozi iliyokauka. Mafuta ya nazi, mafuta ya mise na siagi ya shea hufanya hivyo. Kazi ya tatu ni kufunika, ili maji yasitoroke. Hapo mafuta ya mgando huyashinda mengine, yakifuatwa na lanolini, ambayo ni mafuta ya sufi ya kondoo, na nta ya nyuki.

Krimu nyingi huchanganya kazi hizo. Kwa hiyo ukiulizwa ipi ni bora, uliza nawe: bora kwa kazi gani?

Tulinganishe

Losheni na mafuta ya mgando. Losheni ina maji mengi, hupakwa upesi na haiachi mikono ikiteleza. Inafaa asubuhi kabla ya kushika penseli. Vaseline ya kawaida ni mafuta ya mgando peke yake, asilimia 100. Haiongezi maji, ila huyafungia yaliyopo. Inafaa usiku, ukishapaka uvae soksi safi mikononi kama glavu.

Vaseline na Aquaphor. Aquaphor ina asilimia 41 ya mafuta ya mgando, na imeongezewa glisirini na kiambato kitokanacho na lanolini. Kwa kufunika, Vaseline huizidi. Kwa kuvuta maji, Aquaphor huishinda Vaseline. Lakini mtu ambaye mwili wake unakataa lanolini hubaki na Vaseline.

Neutrogena Norwegian Formula na O'Keeffe's Working Hands. Hizi zinakaribiana: katika zote mbili, kiambato kinachofuata maji kwenye lebo ni glisirini. O'Keeffe's ilitengenezwa na mfamasia Tara O'Keeffe wa Oregon kwa ajili ya mikono ya baba yake, aliyekuwa mfugaji.

Arimis na Bag Balm. Waliokulia Kenya wanaijua Arimis, mafuta ya kukamulia ng'ombe, yaliyotoka zizini yakaingia kila nyumba. Marekani nayo ina ya kwake: Bag Balm ya Vermont, iliyoanza mwaka 1899 kwa ajili ya viwele vya ng'ombe. Ina mafuta ya mgando na lanolini. Wafugaji wa nchi mbili zilizo mbali walitazama mikono yao baada ya kukamua, wakagundua jambo lilelile.

Mafuta ya nazi na siagi ya shea. Mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi. Ndiyo maana yaliyokuwa yakimiminika Mombasa yanakuwa magumu kama mshumaa kwenye kabati la Buffalo. Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, kwa hiyo hupakika kwa urahisi zaidi.

Jinsi ya kusoma lebo

Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Vile visivyofika asilimia 1 huweza kuandikwa mwishoni kwa mpangilio wowote. Kwa hiyo kopo lenye picha kubwa ya nazi, huku nazi ikiwa ya mwisho kwenye orodha, lina nazi kidogo. Mwenye ukurutu atafute maneno "fragrance free", maana manukato huwasha ngozi iliyochanika. Neno "unscented" si sawa na hilo: huenda yametiwa manukato ya kuficha harufu. Urea nayo huweza kuchoma kwenye nyufa, basi kwa mtoto mdogo muulizeni daktari kwanza.

SARUFI

-kavu: mkono mkavu, mikono mikavu, kidole kikavu, vidole vikavu, ngozi kavu, hewa kavu
-zito: krimu nzito, mafuta mazito
-epesi: losheni nyepesi, mafuta mepesi

Sentensi za mfano:
Buffalo kuna theluji nyingi kuliko Columbus, na Columbus kuna nyingi kuliko Louisville.
Mafuta ya mgando yanaizidi losheni kwa kufunika.
Bei ya hii ni sawa na bei ya ile.

Angalia: linganisha kitu na mwenzake. Tusiseme "mikono yangu ni mikavu kuliko wewe". Tuseme "mikono yangu ni mikavu kuliko yako".

KWA WAZAZI

Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye baadhi ya maduka, krimu za mikono hukaa rafu moja na zinazojitembeza kwa ahadi ya "kung'arisha". Hizo zisipakwe mtoto, hata kama ni kwa ajili ya ukavu. Tangu sheria ya mwaka 2020, krimu ya haidrokwinoni haiuzwi Marekani bila cheti cha daktari. Zebaki, ambayo kwenye lebo huandikwa "mercury", "mercurio" au "calomel", hairuhusiwi katika krimu za ngozi. Huharibu figo na mishipa ya fahamu. Nayo haiishii kwa aliyejipaka: mama akimshika mtoto, au wakitumia taulo moja, mtoto huipata, na mtoto hutia vidole kinywani. Krimu isiyo na orodha ya viambato iacheni dukani. Mkiwa na wasiwasi, pigeni 1-800-222-1222, kituo cha ushauri wa sumu. Ni bure, na mnaweza kuomba mkalimani.

Nyufa zikitoa damu au usaha, au zisipopona kwa wiki mbili, mpelekeni mtoto kwa daktari.

MAZOEZI

1. Mkono huu ni ____ (-kavu) kuliko ule.
2. Mafuta haya ni ____ (-zito) kuliko yale.
3. Vidole vyako ni ____ (laini) kuliko vyangu.
4. Tuseme kopo la wakia 12 ni dola 6, na bomba la wakia 3 ni dola 6. Kwa kila wakia, kipi ni ghali kuliko kingine, na mara ngapi?
5. Mafuta ya nazi yameganda kabatini. Je, yameharibika?

KAZI YA NYUMBANI

Chagueni krimu mbili zilizopo nyumbani. Hakuna haja ya kununua. Kwa siku saba, mtoto apake moja mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto, mara tu baada ya kunawa, ngozi ikiwa bado ina unyevu. Ikiwasha, aache. Kila jioni aandike sentensi moja yenye kuliko. Siku ya saba amweleze bibi au babu kwa simu: ipi ilishinda, na kwa kazi gani. Kisha awaulize wao walikuwa wakijipaka nini utotoni, na atuletee jibu darasani.

MAJIBU

1. mkavu. 2. mazito. 3. laini, kivumishi hiki hakibadiliki. 4. Bomba ni ghali kuliko kopo mara nne: dola 2 dhidi ya senti 50. 5. Hapana, yamepoa tu. Yasugue kiganjani yatayeyuka.